Mama Besi Anashuka Mitamboni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Besi, fundi wetu wa sauti, anastaafu Jumamosi hii, tarehe thelathini, siku ambayo bendi itakuwa jukwaani. Tulimwomba achague siku tulivu ili tumuage kwa keki na soda. Akakataa katakata. Alisema fundi wa sauti haagwi kimyakimya.

Wateja wengi wa ukumbi huu wanamjua kwa kisogo: yule mama mwenye kilemba, aliyekaa nyuma ya mitambo, kichwa amekiinamisha upande kama anayedokezwa umbea. Sisi wafanyakazi wenzake tunamjua zaidi ya hapo.

Alianza dirishani, akikata tiketi. Hakuficha kwamba kazi hiyo aliiomba ili asikie bendi bila kulipa kiingilio. Kila mapumziko alikuwa akimfuata fundi wa wakati ule na kumwambia kwamba gitaa linammeza mwimbaji. Mara ya kwanza fundi alinuna, mara ya pili akajaribu, mara ya tatu akamvutia kiti. Hakurudi tena dirishani. Jina la Mama Besi alipewa na wanamuziki, kwa kuwa hapakuwa na onyesho ambalo besi ilimtosha. Gitaa, anasema, linakutikisa kichwa tu; besi ndiyo inayokutoa kitini.

Ana utundu wake pia. Hotuba ya mgeni rasmi ikirefuka, maikrofoni ilikuwa ikipungua nguvu taratibu, hadi mheshimiwa mwenyewe anadhani umeme umeleta matatizo na kukaa. Hakuna aliyewahi kumshtaki. Wengi tulimshukuru moyoni.

Ameziona bendi zikipanda na kushuka. Aliziona zikishona sare mpya kila msimu, foleni ikikunja kona hadi duka la viatu. Kisha upepo ukageuka. Watu wakaona nafuu kumkodi kijana mmoja na kompyuta yake, na bendi iliyojaza jukwaa ikabaki na watu wanne na spika ya kuazima. Mama Besi aliwatengenezea sauti kwa makini yaleyale, hata walipovipigia viti vitupu. Muziki wa bendi haufi, alitwambia, unapungukiwa nauli tu.

Miaka sita iliyopita mwenye ukumbi alituita akasema jengo linatakiwa na muuza vigae, aligeuze ghala. Alikuwa muungwana, akatupa muda wa kujipanga. Wengi wetu tulianza kuulizia kazi kwingine. Mimi wa taa nilishaenda kuongea na watu wa duka la nyaya. Mama Besi alichukua mkoba wake akaenda kumtafuta mwimbaji na mpiga solo wa bendi iliyoanzia hapa hapa, bendi ambayo hata wasiopenda muziki waliimba nyimbo zake bafuni.

Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu walipogombania nani asimame mbele kwenye picha ya kalenda. Mwimbaji sasa aliuza magodoro, mwenzake alitengeneza friji. Kila mmoja alisema atapiga, ila si pamoja na yule. Basi akamwita kila mmoja kwa wakati wake aje kujaribu spika, na wakati wenyewe ulikuwa mmoja. Walipokutana ukumbini, mpiga solo aligeukia mlango. Mama Besi hakuinuka hata kitini.

"Siwaombi mpatane, baba zangu," alisema. "Nawaomba mpige muziki. Mkishuka jukwaani, endeleeni kununiana."

Mwimbaji ndiye aliyecheka kwanza. Mwenzake akauliza gitaa la kujaribia liko wapi.

Walipiga Jumapili alasiri. Watu walikuja na watoto, wakwe na majirani. Wimbo wa kwanza sauti ya mwimbaji ilikwaruza, nami kwenye taa nikafumba macho kwa aibu. Mama Besi aliinua besi kidogo, ikambeba kama mtu anavyoshikwa mkono kwenye ngazi, na ilipofika kiitikio mzee alikuwa amerudi. Ukumbi wote ukaimba naye. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni mpaka mwisho, na kesho yake akamshauri muuza vigae atafute ghala kwingine.

Tangu siku ile bendi hupiga kila mwezi. Kupatana bado. Mmoja anabadilishia nguo ofisini, mwingine stoo. Lakini solo ikianza, mwimbaji husogea pembeni na kuvitazama vile vidole kama mtu anayesomewa habari njema.

Juzi mume wa Mama Besi, ambaye ni seremala, alinieleza jambo lililonigusa. Miaka yote hiyo hajawahi kucheza na mkewe humu ndani, maana bendi ikiwepo mke yuko kazini. Jumamosi mitambo itashikwa na binti aliyemfunza mwenyewe. Shemeji yetu keshanunua viatu.

Asante, Mama Besi, kwa masikio yako na kwa ajira zetu. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu na miaka mingi ya raha. Jumamosi bwana akikunyooshea mkono, usiangalie nyuma kwenye mitambo. Nenda ukacheze. Kazi tumeipokea.