Mawimbi ya Usta Gharib

Benchi la kahawa pale Shubra liko chini ya kibao cha daktari wa meno, na wanaolikalia hawana meno ya kumfaidisha. Asubuhi ile alikuwepo Haji Bahgat, karani mstaafu wa reli, aitwaye Waziri kwa kuwa hana wizara ila ana neno juu ya kila wizara. Alikuwepo Volti, fundi redio. Katikati yao Usta Gharib, fundi wa lifti, na mfuko wa spana miguuni, wiki mbili haujafunguliwa. Alizimia juu ya paa la lifti, akazinduka kauma ulimi, na tangu siku hiyo neno kifafa hataki hata kulitamka. Akiwa nacho, kazi imekwisha. Hospitali walimpima ubongo, majibu wiki ijayo, lakini mpwa wake Shorouk anasomea mambo hayo chuoni, na leo kaja na kompyuta yenye mafaili ya hospitali.

Shorouk: Hili linaitwa daftari, mjomba.

Waziri: Halina karatasi, halina jalada. Daftari gani hilo?

Shorouk: Lina visanduku, Haji. Cha kwanza kinaita faili, cha pili kinasafisha, cha mwisho kinachora.

Volti: Kinasafisha ubongo? Mwekeni Waziri kwanza!

Waziri: Chora, binti, chora! Wacha huyu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shorouk akaandika namba ya mjomba wake, akabonyeza. Kioo kikajaa mistari kumi na tisa, mmoja kwa kila waya uliobandikwa kichwani. Akavuta kwa kidole, sekunde zikasogea. Mistari ilikwenda polepole, kisha yote ikaruka kwa pamoja, vilima juu ya vilima, kisha ikatulia. Shorouk akairudisha nyuma, akaitazama tena. Usta alimwona anavyorudia, akainama karibu.

Usta: Hivyo vilima nini?

Shorouk: Subiri, mjomba. Huenda ulipepesa macho. Jicho nalo linaandika humu.

Usta: Sekunde nane napepesa tu?

Volti: Huo ni umeme wa mtaa. Friji ya hospitali ikiwaka, kichwa chako kinaitikia.

Waziri: Friji wapi! Hapo alikuwa anamkumbuka marehemu mama mkwe.

Volti: Mama mkwe atoe vilima hivyo?

Waziri: Humjui wewe. Yule bibi alikuwa na sauti.

Volti: Hebu kuza tuone.

Waziri: Usikuze! Ukikuza, kichwa kitamuuma.

Volti: Sikilizeni niwaambie. Miaka thelathini Usta yuko kwenye mashimo ya lifti, katikati ya kamba za chuma. Kageuka antena! Hiyo ni taarifa ya habari.

Waziri: Ya idhaa gani?

Volti: Geuza kompyuta upande wa Suez, utasikia.

Waziri: Ndiyo wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako. Si walimvika kofia ya nyaya?

Volti: Methali hiyo inaingiaje hapa?

Waziri: Kwa masikio, kama zote.

Usta hakucheka. Aliusukuma mfuko wa spana kwa mguu mpaka ukamgusa Volti.

Usta: Chukua.

Volti: Usta, acha masihara.

Usta: Chukua, bwana. Fundi lifti mwenye kichwa hiki ataua watu.

Usta alitaka kulia akaona haya, akawa anajikuna pua.

Hapo ndipo Madamu Ragaa wa jengo la pili alipofika anahema.

Ragaa: Usta, nakuomba! Lifti imekwama, na mama yuko ghorofa ya nane. Saa hii ndiyo zamu yake ya kusafishwa damu hospitalini.

Usta: Siwezi, madamu. Njoo ujionee kichwa changu.

Ragaa akavaa miwani, akainama kwenye kioo.

Ragaa: Hiki ni chako?

Usta: Changu.

Ragaa: Mbona hapa juu pameandikwa msichana, miaka tisa?

Waziri alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Shorouk alikisogelea kioo, akapitia visanduku kimoja kimoja.

Shorouk: Nimebadilisha namba, nikabonyeza kisanduku cha mwisho tu. Cha kwanza sikukigusa. Daftari limebaki na kichwa nilichofungua jana.

Volti: Na cha Usta?

Shorouk: Hatujakiona bado.

Furaha ilimpanda Usta kabla hajaikaribisha. Mkono ukarudi wenyewe kwenye mfuko wa spana. Volti alikuwa ameshaanza kumcheka Waziri na hadithi yake ya mama mkwe, macho ya Usta yakarudi kwenye vile vilima. Havikuwa vimeondoka. Akaionea haya furaha yake.

Usta: Huyu mtoto, mama yake anajua?

Shorouk: Sijui, mjomba. Kwetu chuoni zinafika namba, majina hayaji.

Ragaa: Usta, unapanda au hupandi?

Usta: Shimoni siingii, madamu. Mpaka nikione changu. Waziri, Volti, simameni. Mama tutamshusha kwa kiti, ngazi kwa ngazi.

Waziri: Kutoka ghorofa ya nane?

Usta: Ya nane. Na wewe, Shorouk, kabla ya changu, piga simu chuoni. Mtafute mtu anayejua jina la huyo mtoto.