Somo Lililonikatia Sauti Kibati

Papa na mama zangu wa shirika letu la kanisa, nawasalimia katika furaha ya Pasaka. Nimeombwa niseme kidogo. Majina ya watu nitayaacha, maana wengine wako hai na wengine hatujui.

Mimi nilikuwa musomaji wa masomo kanisani, kule kwetu Rutshuru. Wakati wa Pasaka walinipa masomo marefu kwa sababu sina haraka. Bwana yangu alikuwa mulimaji. Kusoma hakujua sana, lakini Jumamosi jioni alikaa karibu nami nikijifunza, na nikiruka neno alikohoa.

Vita vilipotufikia tulikimbia na watoto watatu mpaka kambi ya Kibati, tukafunga turubai juu ya mawe ya volkano. Baada ya wiki chache chakula kikaisha. Bwana yangu akasema, "Maharagi yetu yamekomaa. Naenda kuvuna kidogo, siku mbili nimerudi."

Nikamwambia, "Usiende."

"Sasa watoto watakula turubai?"

Akaenda. Mpaka leo.

Mutu mumoja alisema alimuona amebebeshwa mizigo ya waaskari. Mwingine alisema alikufa njiani. Hakuna aliyeniletea hata kiatu. Nilitaka tulie matanga, ndugu zake wakakataa: "Kumulilia mutu mwenye labda ni muzima, ni kumuua." Basi sikulia. Kila asubuhi nilienda kukaa kando ya barabara, naangalia wanaoshuka.

Ndugu zangu, nawaambia vile ilivyokuwa, sipunguzi. Watoto wangu walikula kwa jirani, na sikuuliza wamekula nini. Binti yangu aliposhikwa na homa, mama huyo jirani ndiye alimupeleka kwenye dispensaire. Alinikuta barabarani, mutoto akiwa mugongoni mwake. Akaniuliza, "Mama, unangojea mumoja. Na hawa watatu je?"

Nikamupiga kofi. Mbele ya watu, na mutoto wangu mugongoni mwake. Hakunirudishia. Tangu siku hiyo hatukusemeshana. Na kusali niliacha.

Pasaka ikafika. Jumanne ya wiki ile, muzee aliyeongoza shirika letu kambini alikuja kwangu.

"Mama, miwani yangu ilibaki njiani tukikimbia. Leo hakuna wa kutusomea."

"Muzee, Yesu alifufuka. Bwana yangu bado. Muniache."

"Sikuombi usali," akasema. "Nakuomba macho tu."

Nikaenda, kwa heshima ya mvi zake. Tulikuwa watu kama ishirini chini ya turubai, jirani yangu akiwa mulangoni. Somo lilikuwa la Mariya wa Magdala, amesimama nje ya kaburi analia. Nilisoma kama mutu anayesoma tangazo. Nikafika pale anaposema kwamba wamemuondoa Bwana wake, naye hajui walipomuweka. Sauti ikakatika.

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyenipokonya kitabu. Walingoja tu.

Kisha jirani yangu akasema kutoka mulangoni, "Hata mimi. Kijana wangu wa kwanza. Sijui walimuweka wapi."

Turubai lake na langu yaligusana, na habari ya kijana wake sikuwa nimeijua. Mama mwingine akasema bwana yake. Papa mumoja akasema mama yake muzazi. Tulipomaliza kusema, wote tulikuwa tunalia.

Muzee akaniambia, "Endelea, mama. Habari haijaisha."

Nikaendelea. Yesu anamuita Mariya kwa jina lake. Miaka yote nilidhani hilo ni somo la furaha tu. Sikuwa nimeona kwamba aliitwa machozi yakiwa bado usoni. Na hakuachwa amushikilie Bwana. Alitumwa kwa ndugu zake.

Muzee akafunga sala, akasema, "Kesho tunakaa matanga ya wote wenye hawana kaburi. Kama mumoja atarudi, atatucheka, na sisi tutafurahi."

Tulikaa siku tatu, tukanywa uji wa mutama, tukawataja kwa majina. Siku ya kwanza nilipiga magoti mbele ya jirani yangu. Akasema, "Simama, mawe yatakuumiza." Ni hayo tu. Siku ya nne sikuenda barabarani. Niliwapikia watoto.

Bwana yangu hajarudi. Siwaambii uongo kwamba Pasaka ilimurudisha. Leo naishi hapa Ndosho, nashona nguo, na Jumapili nasoma.

Aksanti kwa muzee yule, Mungu amupumzishe. Aksanti kwa mama yule, ambaye watoto wangu wanamuita mama mukubwa. Na ninyi ninawaomba neno moja: mukimuona mutu sauti imemukatikia katikati ya somo, musimumalizie. Mumungoje. Labda ndiyo mara ya kwanza anasikia anachosoma.