Javan Nyakwaka na Herufi Zilizolalia Nyumbani

Kaka yetu Javan Nyakwaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Sena, kisiwani Mfangano. Mimi ni Phelesia, mdogo wake wa kumfuata. Nimeombwa nisome maisha yake, na nitayasoma, ingawa tangu jana jamaa hatujaelewana kuhusu mstari mmoja. Mtausikia mwishoni.

Alisoma hapa kisiwani hadi darasa la saba, mwaka 1976. Hesabu ilimshinda. Madaftari yake yalijaa herufi alizonakili kwenye paketi za majani ya chai na mikebe ya rangi, na baba alimchapa kwa hilo mpaka aliyechoka akawa baba.

Mwaka 1979 alikwenda Isebania kujifunza kazi kwa fundi Makori, aliyeandika majina kwenye malori ya mpakani. Mwaka 1986 akahamia Muhuru Bay, na huko ndiko alikotengeneza ule mwandiko mnaoujua nyote. Ulikuwa mnene, kwa sababu akina mama wanaongoja omena, dagaa wetu, ufuoni hutaka kujua boti ya nani inakuja ikiwa bado mbali. Ulibanwa, kwa sababu ubao wa juu wa boti ni mwembamba na watu wetu wanapenda majina marefu. Na ulilala, kwa sababu pua ya boti imeinuka, na herufi iliyosimama wima pale huonekana kama inaanguka chali.

Boti ya kwanza ilikuwa ya mzee Magige. Javan aliandika ubavuni huku na huku, herufi zote zikilalia kulia. Magige akaizunguka, akarudi, akaizunguka tena. "Kijana, upande huu boti yangu inaenda. Upande ule inarudi nyuma. Sasa nikifika katikati ya ziwa itapasuka?" Javan alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafuta ubavu wa kushoto na kuuandika upya, herufi zikilalia kushoto. Tangu siku hiyo, usimame upande wowote, herufi zake zilielekea boti inakokwenda. Mwandiko huo ukapanda maduka, jezi za shule, vitambaa vya kanisa na magari ya Migori hadi Homa Bay. Jumamosi tu, Sabato yake, ndipo hakugusa brashi.

Mwaka 1990 alimwoa Jedidah wa Karungu, na Mungu akawapa Linet, Jacktone na Frankline. Alipopata boti yake mwenyewe aliiita Rehema ya Jedidah. Jina lilikuwa refu kwa ubao ule, lakini alilibana likaenea.

Kwa boti hiyo Jacktone alitoka kuvua tarehe 20 Agosti 2019, upepo ukaipindua. Wenzake wawili walipatikana, wakazikwa. Boti nayo ilipatikana. Jedidah alikuwa ufuoni, akalisoma jina lake kutoka mbali, akainuka kwa furaha kabla hajaona kwamba boti inavutwa. Jacktone hakupatikana.

Kuanzia hapo Javan hakuandika kitu kingine. Alipaka mbao, ANATAFUTWA JACKTONE, akazisimika ufuo kwa ufuo, kutoka Muhuru Bay hadi hapa. Aliziandika pande mbili kama boti ya Magige, ili anayepita, atoke upande wowote, aone herufi zimelalia njia ya nyumbani. Wazee walipotaka kuzika tunda la yago badala ya mwili, kama tunavyomfanyia mtu aliyemezwa na ziwa, alikataa. "Mkizika yago," aliwauliza, "mimi nitaandika mbao kwa ajili ya nani?"

Kisukari kilimpata mwaka 2021, kikamla macho. Mwishoni aliandika kwa kupapasa kingo za ubao, Linet akimwambia brashi imefika wapi. Nilimuuguza wiki ya mwisho hospitalini Homa Bay. Kila mlango ulipofunguka aliuliza, "Ni Jack?" Tulichoka kusema siye. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, aliuliza tena, na kabla hatujamjibu akakata roho.

Sasa ule mstari. Kaka yetu mkubwa, James, aliniambia, "Nyaminwa, dada yetu, leo soma 'marehemu Jacktone'. Tunda liko nyuma ya hema. Tuwalaze baba na mtoto pamoja, mama huyu naye apumue." James hasemi kwa ubaya. Amechoka kama sisi sote. Jedidah alimjibu, "Shemeji, mimi nimekuja kuzika mmoja." Ndiyo maana kwenye programu mliyoshika nafasi ya watoto iko wazi.

Ukweli siujui. Ningeujua ningewapa. Ziwa hili halijawahi kuturudishia mtu baada ya muda kama huu, nami usiku nalia nikilikumbuka hilo. Lakini haya ni maisha ya Javan, si yangu, na yeye angeyasoma hivi: ameacha mjane, Jedidah, watoto, Linet, Jacktone na Frankline, kaka yake James, na mimi.

James, nisamehe. Lirudishe tunda.

Mbao zimeanza kupauka. Linet ameingiza herufi za baba yake kwenye kompyuta, na jina lililo kwenye jalada la programu ni mkono wa Javan kabisa, lakini ni zile za kulalia kulia tu. Za kulalia kushoto alikufa hawajazianza, na hapa hakuna anayezijua. Mvua zikipiga tena, tutaweza kupaka upya upande mmoja tu, na anayetokea upande ule ataona ubao mtupu.

Pumzika, Javan, umetafuta vya kutosha. Na wewe Jack, kama uko mahali unapoweza kusoma, njoo haraka kabla rangi haijaisha.