Mzunguko Niliouruka

Nawasalimu katika jina la Yesu, watakatifu. Mimi ni Wangari, binti wa yule Mama Wangari wa kwaya. Naomba msinipigie makofi. Ushuhuda niliowapa hapa mwezi uliopita haukuwa wa kweli, na leo nimekuja kuurekebisha.

Ndugu zangu, nimechoka. Miaka kumi na miwili huku ughaibuni nimeteleza kwa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kwenye theluji, nikiwa na bunduki mgongoni. Mchezo wangu mmeuombea hadi mmeujua: unakwenda mbio kwenye theluji, moyo unakudunda, unasimama, unalenga shabaha tano. Kila unayokosa, adhabu yake ni kuzunguka mara moja kiwanja kidogo cha pembeni. Asubuhi nawaogesha wazee kazini, kwenye makao yao mjini Saint Paul, mchana nakwenda mazoezini. Kila mwaka naikosa timu ya taifa kwa kidogo tu. Na watu hawaachi kuniuliza, "Wewe Mkenya, si ungekimbia tu kwa miguu kama wenzako?" Hata kujibu hilo kulinichosha.

Mwaka huu, katika mbio za mwisho za kuchagua timu, nilikosa shabaha nne. Nilipaswa kuzunguka mara nne. Nilizunguka mara tatu. Msinitetee kwamba nilipoteza hesabu. Nilikumbuka vizuri kabisa, ila miguu ilikataa, nami nikakubaliana nayo. Msimamizi alikuwa ameinama akimwinua mwenzetu aliyeanguka, hakuniona. Nikaingia timu kwa sekunde chache. Annika, niliyefanya naye mazoezi tangu shule ya upili, akabaki nje.

Jumapili iliyofuata nikasimama hapa hapa nikasema Mungu ametenda. Mkapiga vigelegele. Watoto wa Shule ya Jumapili wakanichora. Mama akapiga simu kwetu Nyahururu, ukoo mzima ukajua.

Uongo nao hauna shibe. Kina mama wa ushirika wa Lakeville wakanialika niwasimulie, nami nikaongeza chumvi. Nikasema nguvu ziliponiishia, pale pale kwenye mizunguko, malaika alinishika miguu. Ndugu zangu, mahali nilipoiba ndipo nilipomweka malaika! Tulipomaliza, Mama Neema akanijia akiegemea mkongojo. Mnamjua, anashinda amesimama kazini kwenye ghala kule Shakopee. Akaniambia, "Mwanangu, huyo malaika wako, mwombe anishike na mimi magoti. Yamekwisha haya." Nikamwekea mikono, nikaomba. Maneno yalitoka tu, huku nikitamani ardhi inimeze.

Njiani kurudi, ndani ya gari, nikamwambia Mama kila kitu. Tukafika nyumbani, akafunga mlango. Kisha akasema, "Na vile nilivyowatangazia watu." Akavua viatu, akakaa. "Haya. Nitawapigia tena, mmoja mmoja."

Kesho yake nikampigia kocha. Nimetolewa kwenye timu, nimefungiwa, na kwa umri wangu hakuna msimu mwingine. Annika amepewa nafasi yake. Nilimwandikia kumwomba msamaha. Hajanijibu, nami sina haki ya kumharakisha.

Mtauliza, huu ni ushuhuda gani, mtu amepoteza vyote? Ushuhuda ni kwamba nilikuwa nimefungwa na sasa niko huru. Nilikuwa naogopa kuomba, maana kila nikifumba macho nauona ule mzunguko. Sasa naomba. Bado nimechoka, sitawaficha, lakini uchovu wa sasa ukilala unapungua. Namshukuru Yesu, hakungoja nishinde ndipo anipokee. Na kama kuna mwenzangu hapa amebeba ushindi usio wake, autue. Aje mbele tukae naye, hatutamuuliza maswali.

Mama Neema, nakuona pale nyuma. Hakukuwa na malaika. Nilikudanganya, mama, na wewe ukiwa na maumivu. Ukiniruhusu, ibada ikiisha nije nikuombee tena. Safari hii nitakuja na mikono mitupu, na Yesu.