Hema la Watu Watano

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kitandani, wewe kifungua mimba upande wa kichwani na wewe kitinda mimba upande wa miguuni, maana najua tangu mgombane miezi minane iliyopita hamtaki hata mabega yenu yagusane, na mimi sina pumzi ya kumsemesha kila mmoja peke yake. Mama yenu yupo hapo mlangoni, atanisahihisha nikikosea, kama alivyofanya siku zote: barua yangu ya kwanza ya mapenzi niliiandika kwa mlinganyo, akairudisha kesho yake ina wino mwekundu, "Umekosea mstari wa tatu, lakini njoo."

Nyumba hii ni yake, asiulizwe na mtu. Vitabu vyangu vya hesabu vipelekeni chuoni nilikofundisha. Wakivikataa, vina karatasi nzuri ya kuwashia moto porini. Viatu vyangu vya kupandia milima mgawane, kila mtu kimoja, tuone mtafika wapi.

Iliyobaki ni karakana ya mahema, na hapo ndipo penye mwiba. Wewe, kaka mtu, unasema kipimo cha baba hakiguswi kwa kuwa baba ni mwanahisabati. Wewe, dada mtu, unasema hema letu linabana na wateja wanatukimbia. Mmoja akamwita mwenzake msaliti, akajibiwa "fotokopi wewe", na tangu siku ile mafundi wanapokea amri mbili, wanashona ubavu wa kushoto kwa kipimo hiki na wa kulia kwa kile, na mahema yanatoka yamepinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Mwezi mmoja zaidi wa namna hiyo, karakana inafungwa, na mafundi kumi na wawili wanarudi kwao mikono mitupu.

Basi sikieni nililolificha miaka thelathini na miwili.

Mlikuwa wadogo, nami nilitaka mlale porini, mjue ndege kwa sauti zao. Nikajaza daftari zima: mteremko wa paa, mkazo wa kamba, pembe ya kila kigingi. Nikahesabu walalaji: mama yenu, wewe, wewe, na bibi yenu mzaa mama, ambaye peke yake alikuwa mtu na nusu. Nikakata turubai, nikashona kwa mkono wangu. Alasiri tukalisimamisha hema kando ya mto, mikeka ikatandikwa, ikajaa ukuta kwa ukuta. Bibi yenu akachungulia, akaniuliza kwa ile heshima ya mkwe yenye sindano ndani, "Na wewe baba, bingwa wa kuhesabu, ulijihesabu?"

Wanangu, sikujihesabu. Mganga hajigangi, mimi mwenye digrii mbili za hesabu nilishindwa kuhesabu watu watano, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyekuwa akihesabu. Lakini mwanamume akiri kosa mbele ya mkwe? Nikamwambia, "Mama, mimi hulala nje. Napenda nyota." Mvua ikanyesha mpaka alfajiri, nami nikazipenda nyota zisizoonekana, nimejikunyata chini ya mwavuli.

Uongo nao ukimwagiliwa sana huota mizizi. Mwaka wa pili nikaanza kusikia jinsi mto unavyobadili sauti kabla ya kupambazuka. Wa tatu, hata mngenipa kitanda humo ndani ningekikataa. Jirani akaniona narudi na umande kwenye ndevu na uso umekunjuka, akaagiza hema kama lile. Nikaona haya kusema ni la watu wanne, nikaandika "watu watano", na kwa kipimo hicho hicho karakana ikaanza. Akaja mteja kulalamika kwamba miguu ya shemeji yake imelala nje. Nikampa kanuni tatu ubaoni, akaondoka akimlaumu shemeji.

Kwa hiyo, binti yangu, ulisema kweli, nami nilikaa kimya ukiitwa msaliti. Nisamehe. Na wewe, mwanangu, usiinamishe kichwa. Umelilinda kosa langu kwa uaminifu kuliko mimi nilivyolinda ukweli. Mama yenu anacheka nini? Eti alijua tangu siku ile. Eti alinyamaza kwa sababu bila mkoromo wangu alilala kama mtoto. Haya, bibie, nimekusikia.

Karakana ni yenu nusu kwa nusu, kwa sharti moja, nalo litimizwe sasa hivi. Chukueni tepu ya kupimia, mnipime nilivyolala. Wewe shika kichwani, wewe unyayoni. Mama yao, futa macho, hiki si kipimo cha jeneza, ni cha hema. Ivuteni isilegee. Someni kwa sauti, na mwambiane nyinyi, si mimi.

Mita moja na sabini na nne? Kaka yako anasema sabini na sita... Mwambie alegeze kidole. La, mwambie mwenyewe, mimi sauti... sauti inaniishia. Hivyo. Ongezeni ubavuni nafasi ya mtu kujigeuza. Mungu awape paa lisilovuja, awape usingizi mzito, na watoto wabishi kama... kama nyinyi.

Msinitazame mimi, tazameni tepu. Sabini na ngapi?... Bishaneni, wanangu. Nawasikia... endeleeni.