Jiwe la Wapagazi Kwenye Njia ya Chamazi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni vigoda karibu na redio, na anayetwanga aupumzishe mchi kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Mwanakombo binti Mwishehe, wa Mbagala. Amefariki Jumatatu, amezikwa Jumanne. Tunamkumbuka yeye, na tunalikumbuka jiwe alilogombana nalo nusu ya maisha yake.

Jiwe lenyewe liko kwenye njia ya Chamazi, mkono wa kushoto, mbele ya baraza ya jumbe wa zamani. Ni la saruji, limepakwa chokaa. Limeandikwa: HAPA WAMELALA WAPAGAZI WA VITA. Bi Mwanakombo alikuwa akipita na kapu lake la mihogo, analikata jicho, anasema, "Muongo we!"

Turudi nyuma, wakati Mwingereza anapigana na Mjerumani. Vijana walikamatwa mashambani wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Fakihi, kaka yake Mwanakombo, alikamatwa akipalilia. Masika ilipopamba moto, msafara ukapita kwao. Mwanakombo, kigori wakati huo, alisimama kando ya njia. Akamwona kaka yake ana sanduku la risasi kichwani, miguu imevimba, macho mekundu kwa homa.

Desturi yetu mnaijua. Mwenye mzigo mzito kichwani hautui peke yake. Humwita aliye karibu: nitue. Na anayeitwa hakatai, hata kama hamjui mtu yule.

"Mwanakombo," Fakihi akasema, "nitue."

Mwanakombo akanyoosha mikono. Askari akainua kiboko. Mikono ikarudi chini.

Msafara haukufika mbali. Kwenye bonde la njia hiyo hiyo ya Chamazi, Fakihi alianguka na sanduku lake, asiinuke tena. Wakamfukia papo hapo kando ya njia, pamoja na wenziwe waliokufa kwa homa, wakarundika mawe juu. Basi.

Binti wa Mwanakombo, Bi Hamisa, anasema: "Mama alikuwa akisikia sauti. Wala si usiku, mchana kweupe, jua la utosini. Tunalima, mara anatupa jembe, ananyoosha mikono kama anapokea kitu. Sie watoto tunaogopa mpaka tunalia. Tukimwuliza anasema, 'Ananiita. Bado hajatuliwa.'"

Miaka ikapita. Njia ikapanuliwa ili malori yapite. Vibarua walipolikuta lile rundo bondeni, waliona mawe ya bure. Wakayaponda kokoto, barabara ikapita juu ya Fakihi.

Kisha ikaja amri kutoka mjini kwamba wapagazi wawekewe jiwe la kumbukumbu. Wakubwa wakamwuliza jumbe, wamelala wapi? Jumbe yule, Mungu amrehemu, alipenda sana wageni. Akawaonyesha mbele ya baraza yake, ili kila wakija na mashada yao wapitie kwake kunywa madafu. Siku ya sherehe Bi Mwanakombo akajipenyeza mpaka mbele.

"Shikamoo, jumbe. Hapo kilikuwa choo chako cha zamani. Kaka yangu yuko bondeni, malori yanamkanyaga."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Tangu hapo, kila akipita bondeni aliweka jiwe katikati ya barabara. Madereva wanashuka, wanalitupa, wanamtukana. Akirudi, anaweka jingine.

Alipougua alimwambia Hamisa neno moja tu: "Mkinipeleka makaburini mtapita bondeni. Mnitue pale."

Hapo ndipo pagumu, wasikilizaji wapendwa. Jeneza kwetu halituliwi njiani. Watu hupokezana mabegani mpaka kaburini. Maalim Bakari, aliyekuja kuongoza mazishi, alisita.

"Hamisa mwanangu, watu watasemaje?"

"Maalim, mama aliombwa akashindwa, akaishi na ombi lile mpaka kufa. Na yeye leo anaomba. Mtamkatalia?"

Maalim akatangulia mbele. Jeneza likatoka.

Walipofika bondeni, lori la mkaa likaja nyuma yao, dereva anapiga honi. Maalim Bakari akasimama katikati ya barabara, akainua mkono.

"Mtueni," akasema.

Wakamtua. Dereva akazima gari, akavua kofia. Wachukuzi wanasema chini ya barabara walisikia kishindo cha sanduku likigusa ardhi, na mtu akishusha pumzi ndefu. Mnaweza kusema ni masikio ya wafiwa. Maalim Bakari, ambaye si mtu wa porojo, aliulizwa. Akasema, "Nami nilisikia."

Pole sana Bi Hamisa, pole ukoo wa mzee Mwishehe, poleni watu wa Mbagala. Mola amlaze Bi Mwanakombo mahali pema, yeye na kaka yake.

Nanyi mnaopita njia ya Chamazi, jiwe liko kwa jumbe, Fakihi yuko bondeni. Punguzeni mwendo pale. Na ukikutana na mtu ana mzigo kichwani, akakwambia nitue, usitazame nani ameshika kiboko. Mtue.