Mama Anastasie, Mwalimu Aliyeandikwa Mfagiaji

Tarehe 31 Julai 1959 Mama Anastasie Safi anaiaga shule ya Lusangi baada ya kuitumikia miaka ishirini na mitano. Ofisi ya ukaguzi imetuarifu kwamba sherehe haifai, kwa kuwa anayestaafu ni mfagiaji, na wafagiaji huondoka bila hotuba. Tumeyapokea maneno hayo kwa heshima yanayostahili. Mbuzi wawili wamekwisha kuchinjwa, na hotuba ndiyo hii.

Mama Anastasie alizaliwa katika familia ya wakulima karibu na Kasongo, akasomeshwa na masista, akaolewa na katekista, akafiwa na mume angali kijana. Mwaka 1934 alikuja Lusangi na mtoto mgongoni, afundishe darasa la kwanza, kwa sababu hakuna mwanamume mwenye cheti aliyekubali kuja. Kila aliyeitwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Wagonjwa hao, tunasikia, walipona wote.

Si mtu mpole, na leo hatutamsingizia upole. Mzee Sumaili, Mwislamu mwenye mashamba ya mpunga, alipokataa kumtoa binti yake aje katika shule ya misheni, Mama alishika jembe akaenda kulima naye asubuhi nzima, bila kulitaja jambo la shule. Jua lilipopanda, mzee alichoka kungoja.

"Mama, umekuja kulima ao umekuja kuchukua mutoto?"

"Leo nimekuja kulima," akajibu. "Mutoto nitamuchukua kesho."

Akamchukua. Na kila saa ya katekisimu alimtuma nje kumwagilia bustani, ili ahadi aliyompa baba yake, kwamba binti hatafundishwa dini ya misheni, isivunjike.

Kisha ukaja mwaka 1952 na hekima zake. Ofisi iliagiza kwamba kila mwalimu wa shule za vijijini asiye na diploma afanye mtihani Kasongo kabla ya mwisho wa Machi, la sivyo aondolewe. Agizo lilitiwa sahihi Januari. Sisi lilitufikia Machi yenyewe ikiwa inakwisha, limelowa, maana lori lililolibeba lilikuwa limelala matopeni. Aliyeipanga tarehe hiyo bila shaka ana kalenda nzuri ukutani. Dirisha hana.

Mwandishi wa maneno haya, ambaye diploma alikuwa nayo, alimsindikiza Mama kwa miguu na kwa mtumbwi, mvua ikitunyeshea njia nzima. Kasongo tulimkuta karani, amekauka vizuri. Akatueleza kwamba asiyepita shule ya walimu haruhusiwi kufanya mtihani. Na shule ya walimu haipokei mwanamke mwenye mtoto.

"Sasa mutihani huu iko wa nani?" Mama akamuuliza.

"Wa wale waliomaliza shule ya walimu."

"Wale si wako na diploma tayari?"

Karani akasema sheria hakuiandika yeye, akamwita aliyesimama nyuma yetu.

Katika kurudi tulifika kwenye mto Luama. Mto ulikuwa umejaa, mwenye mtumbwi hakuonekana. Akaketi juu ya mzigo wake, akalia kwa muda mrefu bila kujificha. "Wale wadogo wamefika kwenye herufi ya M," akasema. "Nani atawavusha?"

Ofisi ilikuwa na jibu. Ilimleta kijana mwenye diploma na viatu vyeupe. Siku ya kwanza aliuliza duka liko wapi. Siku ya pili aliuliza lori la kurudi linapita lini. Lilipopita alikuwa juu yake, na darasa la kwanza likabaki na ubao tu. Wazazi wakamwendea mkuu wetu wa shule, Bwana Théophile Musafiri. Mzee Sumaili ndiye aliyesema kwa niaba yao: Mama asiporudi, watoto watarudi mashambani, wa Wakristo kwa wa Waislamu.

Bwana Théophile aliisoma sheria upya, polepole, kama mtu anayetafuta mfupa katika samaki. Ilimkataza mwalimu asiye na diploma. Haikumkataza mfagiaji anayejua kusoma. Akamwita Mama, akamweleza, macho chini. Mama aliinuka akatoka. Alikasirika, na alikuwa na haki: mtu amefundisha nusu ya watu wazima wa Lusangi kuandika majina yao, sasa yeye aandikwe fagio. Kesho yake alirudi.

"Andika," akasema. "Lakini batoto bataniita mwalimu."

Ndivyo ilivyokuwa, na shule haikufungwa. Mwaka 1955 mkaguzi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa la kwanza, akasikia watoto wakisoma kwa zamu.

"Mutu anafundisha hapa ni nani?"

"Ni mimi, Bwana."

"Karatasi inasema weye ni mufagiaji."

"Nafagia asubuhi. Kiisha nafundisha."

"Haiwezekani."

"Iko inawezekana, Bwana. Si unaisikia?"

Mkaguzi alisikiliza mpaka mtoto wa mwisho. Kisha akaenda zake, akatuma ripoti yake, ambayo walimu wa Lusangi wanaijua kwa moyo: kusoma, kuzuri; usafi, mzuri sana; mwalimu, hakuna.

Mwaka huu, mwezi wa nne, ofisi imelainika. Mama Anastasie ameruhusiwa kufanya mtihani, kwa huruma ya pekee. Tarehe iliyowekwa ni Septemba, baada ya yeye kustaafu. Tulimuuliza kama atakwenda. Akasema atakwenda Kasongo mwezi huo, ndiyo, lakini sokoni.

Sasa anahamia Kabambare kwa binti yake Régina, aliyeletwa hapa mgongoni na ambaye leo ana watoto wa kumletea Mama magotini. Tunamshukuru kwa miaka yote, iliyoandikwa vizuri na iliyoandikwa vibaya. Tunamshukuru Bwana Théophile, aliyehatarisha cheo chake. Ofisi tutaishukuru siku itakapotufikia kwa miguu.

Wende muzuri, Mama. Mvua ikukute ndani, mpunga ukukubali, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Na mtu akikuuliza huku ulikuwa na kazi gani, umujibu unavyopenda. Sisi tumekwisha kujibu.

Emile Bulaimu
Mwalimu wa darasa la nne, Lusangi